Barua ya wazi kwa wasimamizi wa huduma za dharura: mgonjwa aliye kwenye machela ni wa nani?

Waheshimiwa,

Barua hii inawahusu nyinyi mnaoongoza wizara za afya, mnaosimamia hospitali, mnaoendesha huduma za ambulensi, na nyinyi wa mabaraza ya taaluma mnaotoa leseni na kuzifuta.

Kazi yangu ni kuwafundisha wahudumu wa dharura sheria na maadili ya kazi yao. Wanafunzi hulipokea somo hili kwa uvivu mwanzoni. Wamekuja kujifunza kuzuia damu, kufungua njia ya hewa na kushinikiza kifua. Habari za mahakama wanaziona ni za wanasheria. Wakisharudi kutoka mafunzo ya barabarani hali hubadilika, mikono huanza kunyooshwa. Na maswali mengi wanayoniuliza sina jibu lake, kwa sababu si ya kitabuni. Majibu yake yangepaswa kuwa katika kanuni zenu, na humo hayamo.

Mmeeleza kwa ufasaha adhabu ya mhudumu anayeshindwa kutimiza wajibu wake. Hamjaeleza kwa kiwango hichohicho wajibu huo unaanza wakati gani, unaisha wakati gani, na nani mwingine anaubeba pamoja naye. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ndivyo unavyoonekana mzigo huu ukitazamwa kutoka ofisini.

Nianze na mwanzo wa wajibu. Kwa mpita njia, sheria hutofautiana sana. Katika nchi nyingi zilizorithi sheria ya Kiingereza, mtu asiyehusika kwa kawaida halazimiki kisheria kumwokoa asiyemjua, hata dhamiri ikimsuta vipi. Ufaransa ni kinyume: kifungu cha 223-6 cha sheria yao ya adhabu kinatishia kifungo cha hadi miaka 5 na faini ya hadi yuro 75,000 kwa anayeweza kumsaidia mtu aliye hatarini, bila kujihatarisha yeye wala wengine, naye kwa makusudi asimsaidie. Kwingine njia imekuwa kumkinga anayejitolea asije akashtakiwa kwa wema wake. California ilifanya hivyo mwaka 1959, ikianza na madaktari wanaotibu bila malipo penye dharura, na India ikaingiza kinga ya namna hiyo katika sheria yake ya vyombo vya moto mwaka 2019.

Mhudumu aliye zamuni hayumo katika hesabu hiyo. Analipwa, amefunzwa, ana vifaa, na kwake kusaidia si hisani. Hapo hakuna ubishi. Ubishi uko kwenye dakika yenyewe: anaanza kuwajibika akimgusa mgonjwa, akiwasha injini, au simu ikipokewa?

Uingereza walilijibu swali hili mahakamani, na kesi hiyo naifundisha kila mara. Mwaka 1991, jijini London, mwanamke aliyekuwa na mimba alibanwa na pumu. Daktari wake aliita ambulensi. Gari lilichukua kama dakika 40, simu ikapigwa tena na tena, na kila mara jibu lilikuwa kwamba liko njiani. Mwanamke yule aliacha kupumua, akapoteza mimba na ubongo wake ukadhurika vibaya. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba huduma ya ambulensi ilikuwa na wajibu kwake tangu pale ilipoikubali simu ile.

Jambo linalonigusa zaidi katika kesi hiyo, hata kuliko ucheleweshaji wenyewe, ni lile neno "liko njiani". Kama daktari na familia wangeambiwa ukweli kwamba gari litachelewa, wangempeleka hospitali kwa gari lao. Ahadi ya msaada iliwafunga mikono. Kwa hiyo mpokea simu naye yumo ndani ya wajibu huu tangu sekunde ya kwanza, na wajibu wake mkubwa pengine ni kusema kweli: gari hakuna kwa sasa, kama mna usafiri mleteni, na hiki ndicho cha kufanya mkiwa njiani. Wangapi kati yenu mmewaandikia wapokea simu ruhusa ya kusema hivyo? Ninaowafahamu huambiwa wamtulize mpigaji. Moyo ukisimama na hakuna anayeshinikiza kifua, uwezekano wa kupona hupungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10 kila dakika inayopita. Mpigaji aliyetulizwa kwa maneno bila kupewa la kufanya amepotezewa dakika hizo.

Kesi hiyohiyo ina jambo jingine ambalo wasimamizi hupenda kuliruka. Saa ya kufika iliyoandikwa na mhudumu ilikuwa ya mapema kuliko saa halisi, na mahakama ilibaini kwamba kumbukumbu ile haikuwa ya kweli. Simtetei aliyeiandika. Lakini penye utaratibu wa kumwadhibu mhudumu kwa dakika bila kuuliza kwa nini magari ni machache, mtaletewa dakika za uongo, na fomu ambayo ingemlinda mgonjwa na mhudumu kwa pamoja inakuwa karatasi ya kujikinga na bosi.

Kuna pia swali la mhudumu aliye nje ya zamu anayekuta ajali akiwa safarini, pengine bado amevaa sare. Bima yenu inamkinga? Leseni yake inamruhusu kutumia dawa aliyonayo mkobani, au pale anakuwa raia kama raia wengine? Mistari mitatu ya maandishi ingetosha. Bila hiyo wengine huvua fulana kabla ya kusimama, na wengine hawasimami kabisa.

Sasa ridhaa. Kanuni yenyewe wanafunzi huielewa haraka: mtu mzima mwenye akili timamu ana haki ya kukataa kuguswa, hata kama kukataa kwake kutamuua. Aliyepoteza fahamu huchukuliwa kwamba angekubali, isipokuwa kuna maandishi halali yanayosema vingine. Mtoto husemewa na mzazi au mlezi, na wasipopatikana, hatari haisubiri. Ugumu uko katikati, kwa mtu ambaye macho yako wazi, mdomo unasema "niacheni", na kichwa hakiko sawa. Sukari ikishuka sana mtu huonekana mlevi na mkali. Aliyegonga kichwa anaweza kujibu vizuri jina lake na tarehe ya leo, kisha baada ya saa moja hajibu kitu. Ndiyo maana tunawafundisha kupima mambo manne: anaelewa anachoambiwa? Anakikumbuka kwa muda wa kutosha kuamua? Anaweza kupima faida na hasara? Anaweza kueleza uamuzi wake kwa njia yoyote ile? Uingereza imeyaweka manne hayo katika sheria yake ya mwaka 2005 kuhusu uwezo wa kuamua.

Kupima hivyo kunataka muda. Lazima uchuchumae, uongee naye, upime sukari, urudie swali, umwite ndugu yake. Ratiba zenu zinahesabu gari linapotoka na linapofika, na mhudumu aliyetumia dakika 20 kumshawishi mtu apande, mwishowe mtu akakataa, kwenye takwimu huonekana amezembea. Fomu ya kukataa huduma imegeuka kuwa saini ya kuharakisha, na saini ya mtu ambaye hakuelezwa kitu haimkingi mtu yeyote mahakamani. Inathibitisha tu kwamba kalamu ilikuwepo.

Kuhusu polisi sitazunguka. Agosti 2019, katika mji wa Aurora, jimbo la Colorado nchini Marekani, kijana wa miaka 23 aitwaye Elijah McClain alisimamishwa na polisi akitembea kwa miguu, akakabwa shingo, akalazwa chini. Wahudumu wa dharura walipofika walimdunga miligramu 500 za ketamini, dawa ya usingizi, kipimo cha mtu mzito zaidi yake kwa mbali. Walimkadiria kuwa na kilo 90 hivi, naye alikuwa na takriban kilo 65. Hawakumpima wala hawakuzungumza naye kabla ya sindano. Moyo ulisimama akiwa kwenye gari la wagonjwa, na siku chache baadaye akafariki. Desemba 2023 wahudumu wawili walitiwa hatiani kwa kusababisha kifo kwa uzembe wa jinai.

Hukumu ile iliwashtua wahudumu sehemu nyingi za dunia. Mimi naona msingi wake ni sahihi: mtu aliyefungwa pingu ni mgonjwa wako, si wa polisi, na dawa hutolewa kwa sababu mwili wake unaihitaji, baada ya kumpima, na baada ya kumdunga humwondolei macho. Neno la askari kwamba "huyu amechanganyikiwa" ni taarifa kama taarifa ya jirani yeyote. Halina hadhi ya agizo la tiba. Hilo nalifundisha bila kusita.

Ila naomba mtazame na upande wenu. Wahudumu wale walikuwa wamefunzwa kutafuta hali iliyoitwa msisimko wa kupagawa, yaani fujo na kuchanganyikiwa kupita kiasi, na kuitibu kwa ketamini. Waraka mkuu wa kitaaluma ulioipa hali hiyo uhalali, wa mwaka 2009, ulifutwa rasmi na chama cha madaktari wa dharura wa Marekani Oktoba 2023, miaka minne baada ya kifo. Sheria ya Colorado inayomzuia polisi kumshinikiza mhudumu atoe ketamini ilipitishwa 2021, miaka miwili baada ya kifo. Walioandika mwongozo, waliouidhinisha na walioufundisha hawakusimama kizimbani. Sisemi walipaswa kufungwa. Nasema mwongozo wa tiba ni hati yenye mwandishi, na mwandishi huyo ana wajibu wa kuupitia upya sayansi inapobadilika, bila kusubiri maiti. Fungueni miongozo yenu leo mtazame: imepitiwa lini mara ya mwisho, na jina la daktari aliyeisaini bado liko kazini?

Nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike barua hii. Ni mwisho wa wajibu.

Kisheria mhudumu akishaanza kumhudumia mgonjwa hawezi kumwacha hivi hivi. Kumtelekeza mgonjwa maana yake ni kukatisha huduma bila ridhaa yake na bila kumkabidhi kwa mtu mwenye ujuzi ulio sawa na wako au zaidi. Kanuni nzuri, na kwa kawaida haina utata: unamfikisha, unasema ulichokikuta na ulichokifanya, anapokelewa, unaondoka.

Sasa nendeni kwenye ukumbi wa mapokezi ya dharura wa hospitali iliyojaa. Machela ya ambulensi zimepangwa ukutani. Kwenye kila moja yuko mgonjwa, na pembeni yake wahudumu wawili wamesimama. Muuguzi amewaambia wasubiri, naye hana kosa, vitanda havipo. Mgonjwa hajaandikishwa, kwa hiyo kwa mtazamo wa hospitali bado hajafika. Ameshashushwa garini, kwa hiyo kwa mtazamo wa huduma ya ambulensi safari imeisha. Mtungi wa oksijeni wa gari unakaribia kwisha, na bomba la oksijeni la hospitali liko ukutani hatua tatu kutoka hapo, ila hakuna aliyeruhusiwa kumwunganisha mgonjwa "ambaye si wetu". Maumivu yakizidi, nani aandike dawa? Mwongozo wa mhudumu umetungwa kwa ajili ya safari, haukutungwa kwa ajili ya kukesha. Wakati huo redioni simu ya mtu mwingine aliyeanguka inaitwa na hakuna gari la kuipokea. Mhudumu akiondoka, amemtelekeza aliyeko. Akibaki, mtu asiyemjua anakufa mtaani. Hilo ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na wanaoliuliza hawana haja na nadharia. Wametoka hapo jana.

Wako waliojaribu kulijibu. Marekani, sheria ya mwaka 1986 inayozitaka hospitali zenye idara ya dharura kumchunguza na kumtuliza kila anayefika inahesabu kwamba mgonjwa amefika pale ambulensi inapoingia katika eneo la hospitali, na mwaka 2006 mamlaka ya shirikisho ikazionya hospitali kwamba kumwacha mgonjwa kwenye machela ya ambulensi ili kukwepa wajibu huo kunaweza kuwa kuvunja sheria. England wamejiwekea lengo la makabidhiano ndani ya dakika 15. Lengo halikufikiwa, foleni zikarefuka, na mwaka 2023 huduma ya ambulensi ya London ikatangaza kwamba baada ya dakika 45 wahudumu wake wataanza kumwacha mgonjwa mikononi mwa hospitali, ili waende kwa anayesubiri.

Mimi utaratibu wa dakika 45 siupendi. Unahamisha hatari kutoka mtaani hadi ukumbini, na muuguzi anayeachiwa wagonjwa wote hao ni mtu mwenye mikono miwili. Hata hivyo una sifa moja ambayo ninaitafuta kwenu bila kuiona: umeandikwa. Kila mmoja anajua dakika ya 46 mgonjwa ni wa nani. Mhudumu aliyefuata utaratibu huo akiitwa kujieleza ana la kuonyesha, na hospitali nayo ina hoja ya kudai vitanda na watu. Mahali pasipo na maandishi, aliye na cheo kidogo zaidi ndiye hubaki na lawama, na hapo ukumbini ni yule aliyeshika machela.

Wazembe wapo, nakubali. Wapo wanaochagua simu za kwenda, wanaomdharau mlevi, wanaomvuta majeruhi wa uti wa mgongo kama gunia. Hao waadhibiwe. Mahakama ina vipimo vyake: palikuwa na wajibu, ukavunjwa, madhara yakatokea, na madhara hayo yalitokana na kule kuvunjwa. Kigezo cha tatu na cha nne ndivyo vinavyowahusu nyinyi kwa karibu, maana ukifuatilia madhara nyuma hatua kwa hatua, mara nyingi hufiki kwenye mkono wa mhudumu tu. Unafika kwenye gari lililotoka na mhudumu mmoja badala ya wawili, kwenye kifaa cha kushtua moyo ambacho betri yake iliripotiwa mbovu na ripoti haikujibiwa, kwenye zamu iliyounganishwa na zamu nyingine.

Kuna na hospitali zinazofunga mlango. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 43(2), inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, na ya Afrika Kusini ya 1996, kifungu cha 27(3), inasema vivyo hivyo. Nchini India, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1989 kwamba kila daktari, wa serikali au wa binafsi, ana wajibu wa kuokoa uhai kwanza, na taratibu za polisi zifuate. Kesi ile ilitokana na habari ya mwendesha pikipiki aliyegongwa, akapelekwa hospitali ya karibu, akakataliwa kwa kuwa kesi yake ilikuwa ya kipolisi, akaelekezwa hospitali nyingine kama kilomita 20 mbele, akafia njiani.

Maandishi mazuri, basi. Langoni panadaiwa kwanza amana, au barua ya polisi, au panasemwa tu "tumejaa", na gari linageuza. Aliyepo pale na kushuhudia ni mhudumu. Fomu yake ndiyo ushahidi pekee wa kwamba mgonjwa alifika akiwa hai, saa fulani, na nani alimkataa. Na wahudumu wameniambia, zaidi ya mmoja, kwamba husihiwa wasiandike hilo, wasiharibu uhusiano na hospitali. Mkuu wa huduma anayetoa agizo hilo anamtaka mhudumu afiche kweli ambayo siku moja itakuwa kinga yake ya pekee. Toeni agizo la kinyume, kwa maandishi: kila mgonjwa aliyekataliwa langoni aandikwe, na jina la aliyemkataa liandikwe.

La faragha nitalipitia haraka kwa kuwa halina utata. Simu ya mkononi haina kazi juu ya mwili wa majeruhi. Baada ya ajali ya helikopta iliyomuua mchezaji wa mpira wa kikapu wa Marekani, Kobe Bryant, na wenzake Januari 2020, picha za marehemu zilizopigwa na waliofika kuhudumia zilisambazwa. California ikafanya upigaji wa picha za namna hiyo kuwa kosa la jinai, na mwaka 2022 baraza la mahakama likaamuru familia mbili zilipwe jumla ya dola milioni 31. Ninachoongeza ni kwamba kurasa zenu rasmi mitandaoni nazo huweka picha za uokoaji, nyuso zikionekana, ili kujisifu. Mhudumu huiga anachokiona kwa mkubwa wake.

Sidai yote kwa mara moja. Kuongeza vitanda kunataka fedha, kubadilisha sheria kunataka bunge, na kumfunza mpokea simu kunataka miezi. Fomu ya makabidhiano haitaki chochote kati ya hivyo. Iwe na saa ya kufika, saa ya kupokewa, hali ya mgonjwa katika saa zote mbili, na saini mbili. Na juu yake sentensi moja iliyosainiwa na mkurugenzi wa hospitali pamoja na mkuu wa ambulensi, ikitaja dakika ambayo mgonjwa anahesabiwa kuwa wa hospitali, iwe 15, iwe 30, iwe ile gari linapovuka lango. Chagueni nambari yoyote mnayoweza kuitetea. Mkinitumia nitaifundisha kama ilivyo, hata nisipoipenda.

Wenu katika kazi,

Mkufunzi wa wahudumu wa dharura